Unga wa grafiti ndani ya mtutu: unachosaidia na usichokifikia

Kila mwaka mvua zinapokatika hapa Lubumbashi, karibu na mwezi wa tano, wenye bunduki za uwindaji zenye vibali huzitoa kabatini, huzifungua na kuzipangusa, na mjadala uleule huanza upya: je, kuupaka mtutu unga wa grafiti kwa ndani kunapunguza ukoga unaoganda humo kila risasi inapopita, au ni kuongeza uchafu juu ya uchafu? Mwaka huu mjadala huo umenikuta mtaani Katuba, barazani kwa mjomba wangu, ambaye ana bunduki moja kuukuu ya kaliba ya .375, ya kukokiwa kwa mkono, na rafiki yake alikuwa amemletea kichupa cha unga mweusi akimhakikishia kuwa akiutumia hatasugua tena mtutu mpaka jasho limtoke.

Kabla ya kuufungua unga, mjomba alitaka kwanza kuona mtutu wake una nini. Alilowesha kitambaa kwa dawa yenye amonia, akakisukuma kwa mdeki wa mbao kutoka upande wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hadi mdomoni, akangoja dakika kumi, kisha akapitisha kikavu. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi tii. Cha pili kilitoka cha kijivu. Cha tatu kilikuwa na mistari ya buluu iliyoiva, ikifuata mzunguko wa mifereji ya ndani ya mtutu, buluu ileile ambayo kila aliyekulia katika mji huu anaijua. Akakinyoosha kile kitambaa juu ya meza, akaniambia: «Mwana, hii si masizi tena. Hii ni mukuba.»

Mukuba ni shaba, kwa jina ambalo wazee wetu waliitumia tangu walipokuwa wakiiyeyusha katika tanuri za udongo, muda mrefu kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910. Shaba ikiguswa na amonia hutoa buluu ile. Kwa kauli hiyo fupi mjomba alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo wengi wanaosifu au kulaani grafiti huyachanganya. Ndani ya mtutu hubaki masizi, yaani mabaki ya baruti iliyoungua, na hubaki madini, yaani shaba iliyokwanguliwa kutoka kwenye gamba la risasi, ile ngozi ya metali inayofunika kichwa chake, au madini ya risasi (ledi) pale ambapo kichwa hakina gamba. Masizi hukaa juu juu na hutoka kwa mafuta na kitambaa. Shaba hunata kwenye chuma, hujipanga tabaka juu ya tabaka, na ndiyo inayoharibu shabaha. Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua grafiti inadaiwa kuzuia uchafu upi kati ya hiyo miwili.

Wanaoitetea wana hoja ya kusikilizwa. Grafiti ni kaboni iliyopangika katika tabaka nyembamba ambazo hushikana kwa nguvu kidogo tu, kwa hiyo tabaka moja huteleza juu ya lingine, na ndiyo maana kalamu ya penseli huacha alama kwenye karatasi. Haiyeyuki kwa joto la kawaida la kazi, haikauki kama mafuta, haigandi kuwa gundi, na zaidi ya yote haikusanyi vumbi. Hoja hii ya mwisho ina uzito mkubwa kwetu. Vumbi jekundu la kiangazi hapa Katanga huingia kila mahali, na likikutana na mafuta hufanya tope lenye chembe za mchanga ambalo husaga chuma polepole. Anayesema kwamba kilainishi kikavu kinafaa nchi hii kuliko mafuta mazito anasema kweli. Pia wapo wanaoshuhudia kwamba baada ya kupaka unga huo, masizi hutoka kwa vitambaa vichache zaidi, nami siwapingi: utando laini kati ya chuma na masizi unaweza kabisa kuyafanya yasishike sana.

Lakini shaba ni habari nyingine, na hapa nazungumza kama mkereza vyuma niliyesimama mbele ya mashine miaka mingi. Ukikereza shaba nyeupe, iliyochanganywa na zinki ya kutosha, vipande hukatika na kuanguka. Ukikereza shaba nyekundu iliyo karibu safi, huvutika, hupata moto, na hunata kwenye ncha ya kisu mpaka kisu kinaacha kukata na kuanza kukwaruza. Gamba la risasi nyingi za kisasa lina shaba ya asilimia 90 hadi 95, iliyobaki ni zinki. Ni shaba nyekundu hasa. Linasukumwa ndani ya mtutu mwembamba kuliko lenyewe, kwa mgandamizo unaopita baa 4,000 katika kaliba kama ile ya mjomba, na safari yote huisha katika muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika hali hiyo risasi ya kwanza hukwangua unga mwingi uliopakwa, na ya tano hukuta chuma kilekile kikiwa karibu uchi. Nimewahi kujaribu kupaka grafiti kavu kwenye kisu cha mashine. Husaidia kwa mguso wa kwanza, kisha shaba hurudi kunata, kwa sababu kinachoifanya inate ni ukali wa uso wa kisu na ulaini wa shaba yenyewe. Mtutu wenye makovu ya kutu mbele ya chemba, au wenye mikwaruzo ya mtengenezaji iliyokingama njia ya risasi, utakula shaba hata ukiupaka nini.

Historia ya jambo hili inaelekea upande huohuo. Miaka ya 1890 majeshi yalipohamia baruti isiyo na moshi, magamba ya risasi nyingi yalitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Mwendo wa risasi za Marekani ulipopanda kutoka karibu mita 600 hadi zaidi ya mita 800 kwa sekunde, madonge ya metali yalianza kuganda ndani ya mitutu, hasa karibu na mdomo, na askari wakawa wanayaondoa kwa maji makali ya amonia. Wapiga shabaha wengi walichovya vichwa vya risasi kwenye grisi, na grisi ilipunguza madonge kweli. Mwaka 1921 zilitolewa risasi za mashindano zilizopakwa bati, nazo zilipunguza uchafu kwa namna ya kupendeza, ila bati lilishikamana na shingo ya ganda, lile kasha linaloshika baruti na kichwa, kana kwamba limechomelewa, na waliozichovya kwenye grisi kwa mazoea ya zamani walipandisha mgandamizo hadi kiwango cha hatari. Ufumbuzi uliodumu ulikuja baada ya hapo, gamba lilipobadilishwa likawa la shaba na zinki tunalolijua leo. Vilainishi vilipunguza tatizo na kuzaa lingine. Kilicholitibu ni kubadili metali.

Miaka ya 1990 hali kama hiyo ilijirudia kwa molibdenumu disalfaidi, ule unga ambao mafundi wa magari wanaujua ndani ya grisi nyeusi ya viungo vya magurudumu ya mbele. Vichwa vya risasi vilipakwa unga huo, msuguano ukapungua, na papo hapo mgandamizo na mwendo vikapungua pia, hata waliojaza risasi zao wenyewe wakalazimika kuongeza baruti ili kurudi mahali walipokuwa. Kilainishi chochote kinachofanya kazi kweli ndani ya mtutu hubadilisha mgandamizo. Asiyetaka kukubali hilo asidai kwamba kinafanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo aliyeuza kile kichupa labda hakulijua. Chembe za baruti isiyo na moshi kwa kawaida hupakwa grafiti kiwandani, ili zimiminike vizuri kwenye mashine ya kujazia na zisikusanye umeme tuli unaoweza kuziwasha. Ndiyo maana baruti hiyo hung'aa kwa weusi wa kijivu. Kila risasi ambayo mjomba amewahi kufyatua ilipeleka grafiti kidogo ndani ya mtutu wake, na buluu ile kwenye kitambaa ilikuwapo vilevile. Mtetezi anaweza kujibu kwamba ile ni kidogo mno na imepita ndani ya moto, na jibu hilo ni la haki. Hata hivyo linaonyesha kwamba anayetaka matokeo tofauti anahitaji unga mwingi, uliopakwa upya kila mara, na wingi huo ndio unaonitia wasiwasi.

Wasiwasi wangu wa kwanza ni kutu. Grafiti hupitisha umeme, na ikigusana na chuma palipo na unyevu wenye chumvi, chuma ndicho kinacholika. Kwa alumini hali ni mbaya zaidi, na ndiyo sababu mafundi wa ndege huiepuka penye alumini. Sasa fikiria mtutu uliopakwa unga mwezi wa nane, wakati hewa yetu ni kavu, kisha ukaachwa hivyo kabatini hadi mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeshika na kuta za nyumba zikitoa ukungu. Mafuta mepesi yangefukuza maji. Unga hauyafukuzi, hukaa nayo. Tena, na hili huwashangaza wengi, grafiti huteleza vizuri kwa msaada wa mvuke wa maji uliomo hewani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia brashi za kaboni za jenereta za ndege zilisagika na kuwa vumbi zilipopaa juu sana, kwenye hewa iliyokauka. Unyevu unaoifanya grafiti iteleze ni uleule unaoualika kutu.

Wasiwasi wa pili unamhusu mwindaji kuliko mpiga shabaha wa mashindano. Mwindaji huishi kwa risasi yake ya kwanza, ile inayotoka kwenye mtutu baridi. Ikiwa mtutu umepakwa kilainishi, ya kwanza hupita katika utelezi mmoja na ya tatu katika mwingine, na zote mbili haziendi mahali pamoja. Kumjeruhi mnyama akakimbilia porini na kufia huko ni jambo zito, nami sioni urahisi wa kusafisha unaoweza kulilipa.

Wasiwasi wa tatu ni unga wenyewe. Grafiti safi iliyosagwa laini si rahisi kupatikana sokoni, na nimeona watu wakivunja betri kuukuu za redio ili wapate unga mweusi uliomo, wakiamini ni kitu kilekile. Sivyo. Kijiti cha katikati ni kaboni iliyochomwa ikawa ngumu, na unga unaokizunguka sehemu yake kubwa ni oksidi ya manganizi, umelowa chumvi za kloridi. Kuutia huo kwenye mtutu ni kuupaka msasa na kutu kwa pamoja. Wengine husaga penseli. Kiswahili kinaiita kalamu ya risasi ingawa hakuna madini ya risasi ndani yake, na tangu mwaka 1795, Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza ya mbinu yake huko Ufaransa, moyo wake huchanganywa na udongo ili ugumu wake upangike. Penseli laini inatosha kwa kitasa cha mlango. Kwa mtutu ule udongo si rafiki.

Kuhusu gobore, bunduki ya kienyeji inayojazwa baruti nyeusi kwa mdomoni, sitasema mengi. Baruti nyeusi huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama mabaki magumu yenye chumvi zinazonyonya maji, na chumvi huondolewa kwa maji ya moto na sabuni, kisha mafuta, siku ileile. Hakuna unga utakaochukua nafasi ya maji hapo.

Je, basi grafiti haina mahali kwenye bunduki? Inapo, na hapa nawapinga wanaoikataa moja kwa moja. Kwenye komeo, kile kipande kinachovutwa wakati wa kukoki, na reli zake, kwenye vitu vidogo vinavyoteleza polepole chini ya nguvu ndogo, wakati wa kiangazi, unga kidogo uliopakwa kwa ncha ya kidole unafanya kazi kuliko mafuta yanayokusanya vumbi, mradi uondolewe mvua zikikaribia. Wanaojaza risasi zao wenyewe huutumia kwenye shingo ya ganda kabla ya kuipanua, na ni matumizi mazuri. Kote huko grafiti inapewa kazi ya kutelezesha chuma juu ya chuma, kazi inayoiweza. Ndani ya mtutu inaombwa izuie shaba isinate kwenye uso wenye makovu, nayo haiwezi.

Mjomba alimaliza siku hiyo bila kukitupa kile kichupa. Alipitisha dawa ya amonia mara nne, akiacha brashi ya shaba pembeni ili isimdanganye kwa buluu yake yenyewe, mpaka kitambaa kikatoka cheupe, akapaka mafuta mepesi na kuyapangusa yote. Kisha akamulika tochi kwenye chemba na kuniita nitazame. Vidole vitatu mbele ya chemba palikuwa na uwanda wa vishimo vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui, kutu ya miaka ambayo bunduki hiyo ililala bila mafuta kabla haijamfikia. Alichota unga kidogo akapaka komeo, akalivuta na kulirudisha mara mbili tatu, likateleza bila sauti. Akafunga kichupa na kukiweka kwenye sanduku la funguo.