Romania na Hungaria 1919: Vita vya Ukomunisti au vya Mipaka?

Waromania husimulia kwamba mwaka 1919 jeshi lao liliikinga Ulaya dhidi ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti waliofuata njia ya Urusi. Wahungaria husimulia kwamba nchi yao, iliyotoka kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilivamiwa na jirani aliyetamani ardhi. Hoja ya kinga naiona dhaifu kuliko inavyosifiwa.

Romania iliahidiwa Transylvania, eneo lililokuwa la Hungaria, katika mkataba wa Agosti 1916, kabla Lenin hajashika madaraka. Majeshi yake yaliingia Cluj, mji wa Transylvania, Desemba 1918, Budapest ikiwa bado chini ya Mihály Károlyi, ambaye hakuwa mkomunisti. Tarehe 20 Machi 1919 washindi wa vita waliidai Hungaria irudi nyuma zaidi. Kesho yake serikali ya Károlyi ikaanguka, na Béla Kun, kiongozi wa wakomunisti, akashika hatamu. Shinikizo la mipaka ndilo lililompa mlango. Hata maofisa wengi wasioamini ukomunisti walipigana katika jeshi la Kun, Jeshi Jekundu, kwa ajili ya nchi yao.

Hata hivyo, Waromania walikuwa na haki ya msingi. Walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa Transylvania, lakini siasa na shule zilitawaliwa kwa Kihungaria. Isitoshe, Mei 1919 Urusi ya Kisovieti iliitaka Romania iondoke Bessarabia, eneo la mashariki lililokuwa la Urusi. Hofu ya kubanwa pande mbili haikuwa ya kubuni.

Kun naye alijiharibia. Mwezi Aprili alimkatalia Jan Smuts, yule aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1916, aliyemletea pendekezo la eneo lisilo na majeshi. Mashamba makubwa aliyataifisha bila kuwagawia wakulima. Aliyesubiri shamba lake aliona bwana amebadilika tu.

Juni, Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa aliyeongoza mkutano wa amani wa Paris, aliahidi kwamba Wahungaria wakiondoka Slovakia walikokuwa wameingia, Waromania nao wangeondoka mto Tisza, ndani ya Hungaria, walikokuwa wamefika. Kun aliondoka. Waromania walibaki, wakitaka kwanza Hungaria ipunguze jeshi lake. Hapo lawama naiweka Paris: ilitoa ahadi ambayo haikuwa tayari kuisimamia, na mkuu wa mipango ya vita wa Kun, Aurél Stromfeld, akajiuzulu.

Tarehe 20 Julai Kun alishambulia ng'ambo ya Tisza, akashindwa, akakimbilia Vienna. Romania ilikuwa na haki ya kulirudisha nyuma shambulio hilo. Kukaa Budapest hadi Novemba na kuchukua vichwa vya treni, mabehewa na vyakula ni jambo jingine, japokuwa nchi yao nayo ilikuwa imekombwa na Ujerumani na washirika wake, Hungaria ikiwemo. Waromania walipoondoka aliingia Miklós Horthy, kiongozi wa jeshi lililowapinga wakomunisti, ambaye maofisa wake waliwaua wakomunisti na Wayahudi wengi.

Na kwa ardhi, uvamizi huo haukuongeza kitu cha maana: mpaka uliothibitishwa katika mkataba wa amani wa Trianon tarehe 4 Juni 1920 ulikuwa umeshatangazwa na Paris Juni 1919, majuma kadhaa kabla Mromania wa kwanza hajaingia Budapest.