Bahari ya kale: tuamini magamba au chavua?

Tope la pwani huhifadhi kumbukumbu za aina mbili. Kuna magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja ambao wengi wao huonekana vizuri kwa hadubini tu, na kuna chavua iliyoletwa na upepo na mito kutoka nchi kavu. Shida huanza pale magamba yanaposema bahari ilikuwa hapa, na chavua inasema msitu ulikuwa hapa.

Wanaoegemea magamba wana hoja nzito. Katika vinamasi vya chumvi, foraminifera hujipanga kwa kufuata kimo cha maji. Spishi ziitwazo Trochammina inflata na Jadammina macrescens hukaa juu, karibu na mwisho wa maji ya bamvua. Foraminifera wa jenasi Ammonia (si ile gesi) na Elphidium, wenye magamba ya chokaa, huzidi chini, kwenye tope linalofunikwa kila siku. Mwaka 1978 watafiti Scott na Medioli walionyesha kuwa mpangilio huo unafaa kupimia usawa wa bahari ya zamani. Ndivyo ilivyokadiriwa ardhi ya pwani ya Washington na Oregon, Marekani, ilididimia kiasi gani katika tetemeko la Januari 1700. Chavua haitoi kipimo cha karibu hivyo.

Lakini magamba ya chokaa huyeyuka. Tope la mikoko huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa, na likipata hewa hutoa asidi ya salfa. Hapo Ammonia hufutika, wakabaki wale waliojenga magamba kwa kugandisha punje za mchanga, kama Trochammina na Jadammina wa juu. Mtafiti akihesabu waliobaki tu, ataapa kwamba pale palikuwa kinamasi cha juu. Kosa hilo ni kubwa, na halionekani kwenye takwimu.

Chavua haina udhaifu huo. Ukuta wake huhimili hata asidi ya hidrofloriki ambayo maabara hutumia kuyeyusha silika, madini ya mchanga. Nayo, hata hivyo, hupotosha kwa njia yake. Mkoko humwaga chavua nyingi inayopeperushwa na upepo, ilhali mchu, mti mwingine wa misitu ya mikoko, hutegemea wadudu, kwa hiyo punje chache za mchu zaweza kumaanisha miti mingi jirani. Chavua ya msonobari, yenye vifuko viwili vya hewa, huelea mbali sana. Asilimia yake hupanda kadiri tunavyoiacha pwani, bila msonobari hata mmoja kuongezeka.

Kwa kimo cha maji, mimi nayaamini magamba, ila kwa sharti moja. Foraminifera wengi wana utando wa ndani usio wa chokaa, ambao huokoka asidi na kuonekana kama kizingo kidogo cha kahawia kwenye kioo kilekile cha hadubini kinachotumika kuhesabia chavua. Wengi wanaohesabu chavua huupita bila kuuandika. Wauhesabu: tando zikiwa nyingi mahali ambapo magamba ya chokaa hayapo, tunajua chokaa iliyeyuka, na kimo kilichokadiriwa kwa magamba yaliyobaki hakifai kuchapishwa.