Tusimwambie kijana asubiri hadi avuke mpaka

Kijana aliye nyumbani Kenya anapotuuliza sisi tulio Uingereza aanzie wapi, kwa kuwa hana tena hakika na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa, wengi wetu tuna jibu moja: vumilia, ukifika huku utasaidiwa. Jibu hilo nalipinga. Linamwacha peke yake katika miaka ile ile anayohitaji sana mtu wa kumsikiliza.

Isitoshe, halisemi ukweli kuhusu huku. Foleni ya kliniki za jinsia za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, huhesabiwa kwa miaka. Anayechoka kusubiri hutafuta mtaalamu wa kulipia, na hapo hukuta kwamba sheria ya Uingereza haimzuii mtu yeyote kujiita mshauri nasaha. Itabidi utafute jina lake kwenye rejista ya chama cha washauri nasaha kama BACP, au ya HCPC, chombo cha kisheria kinachosajili baadhi ya taaluma za afya, ikiwa anajiita mwanasaikolojia wa kliniki. Ninachokithamini huku ni hicho: una pa kulichunguza jina, na ukidhulumiwa una pa kulalamika.

Kenya nayo ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayodai usajili. Kwa hiyo uliza namba ya usajili bila haya. Lakini najua kinachowanyima watu usingizi si cheti, ni siri. Unaogopa kwamba mshauri anafahamiana na mjomba wako, na hofu hiyo si ya bure, maana neno moja likivuja unaweza kupoteza makao, karo na ndugu kwa mkupuo. Hata hivyo mshauri wa nyumbani aliye mwaminifu ana jambo ambalo huku nimelikosa sana. Huku nimetumia vikao kueleza kwa nini siwezi tu kumpigia baba simu nikamwambia. Yule wa nyumbani analijua hilo kabla hujaketi, na hatakuona mwoga.

Uaminifu wenyewe unapimika popote. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya mtu kutoiona jinsia aliyoandikiwa kuwa yake kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022. Mtaalamu anayeahidi "kukuponya" basi anapingana na taaluma yake. Kanada ilipiga marufuku matibabu ya aina hiyo mwezi huo huo. Nami simwamini hata yule anayekupa jibu katika kikao cha kwanza, awe anakuambia ndiyo au hapana. Unayejiuliza unahitaji mtu atakayestahimili kutojua pamoja nawe, hata kama mwishowe utaona jinsia uliyoandikiwa ndiyo yako.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, namwambia ampigie mshauri simu kwanza, bila kutaja jina lake kamili. Amuulize ni lini anaweza kumwambia mzazi yanayosemwa kikaoni, maandishi yake anayaweka wapi, nani mwingine anayasoma, na kama amewahi kukaa na mtu mwenye maswali ya jinsia. Aliye chini ya miaka 18 aulize hasa hilo la mzazi, kwa kuwa kanuni zake ni tofauti. Mshauri akijibu kwa kuzungukazunguka, au akaanza kuhubiri, kata simu. Atakuwa bado hajui wewe ni nani.