Watoto wa Ziwani Wafundishwe Kulala Chali

Kwenye kikao cha wazazi hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, niliomba watoto wetu wafundishwe kuogelea. Mzee mmoja ninayemheshimu akasimama: "Mama, huo ni mchezo wa Wazungu wenye mabwawa. Mtoto wa ziwani hafundishwi maji." Akapigiwa makofi, tukahamia kwenye mchango wa uji. Makofi yale bado yananiuma.

Machi 2025 Kirsty Coventry, mwogeleaji wa Zimbabwe, alichaguliwa kuwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Zimbabwe haina hata kipande cha bahari. Olimpiki ya Sydney 2000 alikwenda akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Athens 2004 akarudi na dhahabu, fedha na shaba. Mwaka 2008 akaivunja rekodi ya dunia ya mita 200 chali ya Krisztina Egerszegi wa Hungaria, iliyodumu tangu 1991, na miezi michache baadaye, kule Beijing, akatetea dhahabu yake kwa dakika 2 na sekunde 5.24, rekodi mpya tena. Ana medali 7 za Olimpiki. Nchi yake nzima, tangu iitwe Zimbabwe, ina 8.

Najua mtakachosema: ni Mzungu, alipata bwawa na makocha, kisha akasomea Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Haya, nakubali. Watoto wengi wa Harare hawakupata hayo. Lakini basi tukubaliane kwamba bingwa hazaliwi anajua maji. Alifundishwa.

Na mtindo uliompa dhahabu zote mbili ni ule wa kuogelea chali. Ukiondoa mashindano na saa, mwanzo wake ni huu: mwili unalala, masikio yanazama, kidevu kinatazama juu, kifua kimejaa hewa, miguu inapiga taratibu. Mtu akiweza hilo tu, anapumua. Mtoto aliyeanguka kutoka mtumbwini anaweza kusubiri msaada akiwa hai.

Nendeni mwaloni Kirumba jioni mkawatazame vijana wetu hao "wanaojua maji". Wanaogelea kichwa juu, mikono inachapa maji kwa nguvu zote, na baada ya muda mfupi wameishiwa pumzi wanadandia dumu la lita 5. Nilimwona mmoja dumu likimponyoka. Hakupiga kelele. Alisimama wima majini, mdomo wazi, macho yamemtoka, akawa anazama na kuibuka pale pale, huku wenzake wakicheka wakidhani anatania. Mvuvi mmoja ndiye aliyeelewa, akamnyooshea kasia. Kijana yule amekulia ziwani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba angeweza kugeuka chali tu akapumzika.

Sisi ndio watu wa MV Bukoba, meli iliyozama Mei 21, 1996. Sisi ndio watu wa MV Nyerere, iliyopinduka Septemba 20, 2018, wakafa watu 228, na kivuko kilikuwa kimebakiza kidogo tu kifike gati la Ukara. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote; chombo kikipinduka wengine hunaswa ndani, na kosa la kupakia kupita kiasi halirekebishwi na mtoto kujua kupiga miguu. Lakini kila familia huku ina mtu wake aliyechukuliwa na ziwa bila meli wala kivuko: kuchota maji, kufua, kuvua dagaa. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea kivuko kimoja. Ukerewe na Ukara bado ni visiwa.

Kichocho kipo, mamba wapo, sibishi. Ndiyo maana nataka bwawa la umma, maana mabwawa ninayoyajua mjini hapa ni ya mahoteli na ya shule za ada kubwa. Medali zitakuja au zisije. Tanzania tunazo 2 tu za Olimpiki, zote za riadha, zote za Moscow 1980. Paris 2024 tuliwapeleka Collins Saliboko na Sophia Latiff kuogelea, na ningefurahi siku moja kumwona wa kutoka Ukerewe.

Kwa sasa halmashauri ianze na bwawa moja lenye maji ya kufika kiunoni, kwa ajili ya darasa la tatu na la nne wa shule za serikali. Kata za mwambao zianze, na wasichana wasiachwe nje kwa kisingizio cha mavazi. Wavuvi wanaojua maji kweli wapewe mafunzo na posho, wawe walimu.