Kamera ya Ulinzi, Sura ya Mwizi Haionekani

Jamani wana Dodoma, muuza kamera akishasema "hii ni HD," yaani picha ya ubora wa juu, ndiyo basi? HD ipi? Ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1280 kwa 720, au 1920 kwa 1080? Hajui! Anakufungia lenzi pana ya milimita 2.8 juu ya paa, unaona ua mzima mpaka mbuyu wa jirani, ila mwizi pale getini ni doa la kijivu. Utamtambua kwa kitu gani, kofia? Eti "vuta picha karibu." Ukivuta unapata nini zaidi ya viboksi? Pikseli ambazo hazikurekodiwa hazizaliwi baadaye! Usiku ndiyo balaa kabisa: vumbi la Ipagala limeganda kwenye kioo, taa za infraredi, zile za kamera za kuonea gizani, zinalimulika, skrini nyeupe pee! Tuonyesheni video ya usiku kabla hatujatoa hela!