Mdoli wa Majengo

Dada yangu anauza vitenge hapa Dodoma. Alinituma Majengo nikamchukulie mdoli wa kuvalisha nguo, mtumba, mwenye shingo iliyolegea kama mpira wa baiskeli kuukuu. Bodaboda ilibeba watatu: dereva, mdoli, na mimi nyuma nimemkumbatia. Trafiki akatusimamisha kwa kosa la mshikaki. Alipoona abiria wa katikati hana miguu, alicheka hadi akasahau kuuliza leseni.

Kosa langu ni kumleta mdoli kwenye nyumba yenye mpwa wa miaka sita. Wiki nzima alikuwa anaangalia katuni ya mashujaa wanaopambana na majambazi wanaoamsha sanamu za makumbusho. Jumapili alikuwa amegoma hata kusogelea sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square.

"Mjomba, huyu naye ataamka?"

"Akiamka atauliza tu: makao makuu tuliamua yaje Dodoma mwaka 1973, mbona mmefungasha mizigo 2016?"

Usiku ule umeme ulikatika. Mimi nalala kwenye kochi sebuleni, na mdoli nilikuwa nimemsimamisha karibu na dirisha, kavalishwa kitenge, kapendeza kuliko wengi ninaowafahamu. Saa nane upepo ukaingia, na mnaujua upepo wa Dodoma. Nikasikia kwiii. Kufumbua macho, mdoli anageuza shingo taratibu, ananitazama.

Nilipiga yowe, mimi mwenye cheti cha kidato cha sita.

"Nakuja, Mjomba!" Stelingi akatoka chumbani, kanga ya mama yake shingoni, mwiko wa ugali mkononi. Gizani hakuchagua adui. Wa kwanza ulitua gotini kwangu. Wa pili nikajikinga kwa mdoli, mkono wake ukachomoka ukabaki kiganjani mwangu.

"Mkono! Mkono umetoka!"

Dada naye kutoka chumbani kwake: "Mungu wangu, mkono wa mdogo wangu! Jamani majirani!"

Majirani wakaja na marungu. Wa mwisho kuingia alikuwa babu wa nyumba ya pili, Mgogo mstaarabu sana. Akamulika tochi ya simu, akamwona mwanamke wa kitenge kalala sakafuni, akamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mama."

Kimya.

Akanigeukia, mimi niliyeshika mkono, akashusha sauti: "Mwanangu, umemfanya nini mgeni?"