Anayekataa adhabu ni timu iliyokosewa, si refa

Katika habari ya mchezo wa futiboli ya Marekani, mwandishi mmoja anasema refa "alisamehe" kosa la kumshika mpinzani. Hapana. Katika futiboli ya Marekani refa hana msamaha wa kutoa. Anamuuliza kocha au nahodha wa timu iliyokosewa: adhabu au matokeo ya mchezo?

Chukua jaribio la 3 kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10: zimebaki yadi 8, mpira uko yadi ya 40 ya timu inayolinda. Washambuliaji wanapata yadi 3, lakini mmoja wao amemshika beki nyuma ya mstari wa kuanzia. Adhabu ni yadi 10. Wewe unayelinda ukiikubali, wanarudi katikati ya uwanja na kurudia jaribio la 3, wakihitaji yadi 18. Ukiikataa, ni jaribio la 4, yadi 5, mpira uko yadi ya 37. Wengi hukataa ili kuwanyima jaribio jingine. Lakini tazama mpigaji wao kwanza: toka 37, ongeza yadi 10 za eneo la goli na kama 7 za kurudisha mpira nyuma, ni teke la goli la yadi 54. Kama mguu wake unafika huko, heri kukubali!

Beki akiwahi kuvuka mstari, na mchezo usisimamishwe, kwota-beki (mrushaji mpira wa washambuliaji) hurusha mbali bila hofu. Mpira ukinaswa na wapinzani, timu ya kwota-beki inachukua yadi 5 na kurudia. Wakifunga, wanakataa adhabu na pointi zinabaki.

Timu zote mbili zikikosea, mara nyingi makosa yanafutana na jaribio linarudiwa. Hapo hakuna wa kuchagua.